Uliza Fundi: Volti za Hapo Hapo, Ampea za Hapo Hapo

Barua za mwezi huu karibu zote zina hesabu ndani na nimefurahi, kwa sababu mtu akianza kupiga hesabu ya stima nyumbani kwake ashaanza kujilinda. Kanuni zenyewe ni chache. Volti gawanya kwa ampea wapata omu, yani ukinzani wa kile kitu, vile kinavyoubana mkondo. Volti mara ampea wapata wati, yani nguvu kinayotumia. Zile nyingine mnazoziona vitabuni, ampea mara ampea mara omu, ama volti mara volti gawanya kwa omu, zimetoka kwa hizo hizo mbili na zote mwisho wake ni wati. Ukijua vitu viwili kati ya hivyo vinne, viwili vilobaki wavipata kwa kalamu tu.

Lakini nimezisoma barua zote nikaona kosa ni lile lile moja. Mtu achukua volti za mahali pamoja azipige na ampea za mahali pengine, ama apime kitu kikiwa baridi kisha atumie hio namba kitu kikiwa moto. Kanuni hizi zataka volti za hapo hapo, ampea za hapo hapo, na wakati ule ule. Shikeni hilo tu halafu tuingie kwenye maswali.

SWALI: Assalam alaykum fundi. Nauza viazi karai na chipsi jioni hapa Kisauni, kibanda kiko barabarani na nyumba iko ndani kwa hivyo navuta stima na ekstensheni ya mita 30. Mashine ya chipsi imeandikwa 240V 2500W. Sasa plagi yapata moto hata siwezi kuishika, imeanza kugeuka rangi ya kahawia na yanuka plastiki, na kebo nayo hasa ile sehemu ilozungushwa kwenye gurudumu yawa moto. Kijana wangu amepiga hesabu 240 mara 10 akaniambia kebo peke yake yala wati 2400, yani tokeni zangu zote zaishia kwa waya. Ni kweli? Na huyu fundi wa mtaani ashabadilisha fyuzi mara mbili, sasa asema atie kipande cha waya badala ya fyuzi tusisumbuke. Mama wa viazi, Kisauni.

JIBU: Waalaykum salaam mama. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja: usikubali atie waya badala ya fyuzi, hata kwa jioni moja, hata wateja wakiwa wamejaa. Fyuzi ya hizi plagi zetu za miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13, na mashine yako yataka kumi na kitu, kwa hivyo ikiwa fyuzi yakatika kuna joto ama shoti mahali na yeye ndiye anayekwambia. Ukimtoa, lile joto litaendelea mpaka litafute pengine pa kukatia, na kebo yako yapita ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Sasa hesabu. 2500 gawanya kwa 240 ni ampea 10.4. Na 240 gawanya kwa 10.4 ni omu 23, huo ndio ukinzani wa mashine yako. Hio ni ikiwa imechomekwa ukutani moja kwa moja, lakini wewe umeweka kebo katikati na kebo nayo ina ukinzani wake. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 una kama omu 0.0172 kwa kila mita. Hizi ekstensheni za gurudumu za bei rahisi nyingi ni za 0.75, tazama maandishi kwenye ganda la kebo, ukiona 3 x 0.75 bas ndio hio, na hapo yawa kama omu 0.023 kwa mita. Kebo ni mita 30 lakini stima yaenda na yarudi, kwa hivyo wahesabu mita 60 za waya, wengi hapa ndipo wanapopotea. 60 mara 0.023 ni kama omu 1.4.

Omu 1.4 za kebo na omu 23 za mashine ziko kwenye njia moja, zimefuatana, jumla 24.4. 240 gawanya kwa 24.4 ni ampea 9.8 na hizo ampea ndizo zapita kila mahali, kwenye kebo na kwenye mashine, hazipungui njiani. Volti ndizo zagawanywa. Zinazopotea kwenye kebo ni 9.8 mara 1.4, kama volti 13.7, na 13.7 mara 9.8 ni wati 134. Mashine yabaki na volti 226 hivi, mara 9.8, wati 2215. Jumlisha 134 na 2215 wapata kama 2350, na hio ndio 240 mara 9.8. Kijana wako mpe hongera kwa kufikiria, ila amechukua volti za soketi akazipiga na ampea za kebo, kwa hivyo namba alopata ni ya njia nzima, kebo pamoja na mashine, na kebo yenyewe hula hizo 134 tu.

Lakini 134 si kidogo mama. Kebo ikiwa imenyooshwa kwa mita zote 30 lile joto latawanyika na hewa yalichukua. Ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu joto lote liko mahali pamoja, mizunguko ya ndani haina pa kupumulia, plastiki yalainika mpaka waya mmoja wagusa mwenzake. Na waya wa 0.75 kawaida yake ni kubeba ampea 6, wewe waupitisha karibu 10. Tena fyuzi ya 13 haitakwambia kitu hapo kwa sababu ampea 10 kwake ni sawa kabisa.

Sasa plagi, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hili ni jambo la mji wetu huu wa Mombasa hasa. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, shaba yapata ule ukungu wa kijani, sikurubu zalegea, miguu ya plagi yawa nyeusi, na zile chuma za ndani ya soketi zinazoibana miguu zalegea pia. Pale mguu unapogusa soketi panatakiwa pasiwe na ukinzani wa kuhesabika, lakini pakichafuka paweza kufika omu 0.2 kwa urahisi. Waona ni namba ndogo sana. Haya, ampea 9.8 mara 9.8 mara 0.2, wati 19. Hizo wati 19 ziko kwenye kipande kidogo kuliko ukucha wako wa mwisho. Pasi ya kulehemu ya fundi wa redio ni wati 25 na yayeyusha risasi. Kwa hivyo ile kahawia unayoiona na ile harufu sio plagi feki peke yake, hata plagi nzuri ikichomekwa kwenye soketi ilochoka itaungua vile vile, na ndio maana watu hubadilisha plagi kila mwezi na moto hauondoki.

Tazama pia kwa nini soketi hio hio ukichomeka redio haina shida yoyote. Redio yavuta tuseme ampea 0.1, 0.1 mara 0.1 mara 0.2 ni wati 0.002, hata mkono hauhisi. Joto lafuata ampea mara zenyewe, ampea zikiongezeka mara mbili joto laongezeka mara nne. Hili James Prescott Joule wa Uingereza ndiye alolipima miaka ya mwanzo ya 1840 na mpaka leo ndilo linalochoma soketi za Kisauni. Kwa hivyo mtu asikwambie "lakini soketi ilikuwa yafanya kazi vizuri", muulize ilikuwa yafanya kazi na nini.

La kufanya. Leo, nyoosha kebo yote na uache kutumia hio plagi na hio soketi. Ukipata pesa, mwambie fundi alokuwa na leseni akuvutie laini yake yenyewe ya waya wa 2.5 kutoka kwenye breka mpaka kibandani na soketi ya nje ilofunikwa. Piga hesabu uone: 2.5 ina omu 0.0069 kwa mita, mara 60 ni omu 0.41, ampea zawa 10.2, volti zinazopotea ni 4 na kitu, joto la waya wati 43 badala ya 134. Mashine nayo yapata kama wati 2410, karibu 200 zaidi ya sasa, kwa hivyo mafuta yatapata moto upesi na chipsi hazitalowana mafuta. Kwa saa 6 za kuuza, mashine ikiwa haijajizima katikati, kebo ya zamani yala uniti 0.8 (uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja) na hio mpya robo uniti. Na ukinunua waya kwaruza ncha yake na kisu kwanza, ikiwa ndani ni nyeupe hio ni alumini ilopakwa shaba, ukinzani wake wazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu na hesabu yote nilokupa yaharibika.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, Likoni. Nilichukua globu ya zamani ile ya waya ndani imeandikwa 240V 60W nikaipima na multimita ya baba nikapata omu 70. Nikafanya 240 gawanya kwa 70 ni 3.4, halafu mara 240 nikapata wati 823!! Globu ni ya 60. Multimita ni mbovu ama kanuni haifanyi kazi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Multimita ni nzima na kanuni ni nzima, na swali lako ni zuri kuliko mengi nilopokea mwaka huu. Angalia globu ikiwa inawaka: 60 gawanya kwa 240 ni ampea 0.25, na 240 gawanya kwa 0.25 ni omu 960. Wewe umepata 70. Zote mbili ni kweli. Ule waya wa ndani ni wa tungsteni, na globu ikiwaka wafika kwenye nyuzi 2500 za selsiasi hivi, na chuma kikipata moto ukinzani wake wapanda, huu wapanda zaidi ya mara kumi. Wewe ulipima globu baridi iko mezani halafu ukazipa hizo omu 70 volti 240 za globu ilokuwa moto. Ni vitu viwili tofauti, wakati tofauti.

Tena hizo ampea 3.4 zako si za kutupa. Zapita kweli, ila kwa muda mfupi mno, pale pale unapobonyeza swichi kabla waya haujapata moto. Ndio maana hizi globu za zamani nyingi hukatika wakati wa kuwashwa, zawaka pa mara moja na kwisha.

Mwenyewe Georg Simon Ohm alisumbuka na jambo la aina hii. Alikuwa mwalimu wa shule huko Köln, Ujerumani, na betri za wakati ule zilikuwa hazitulii, akipima hivi sasa na akipima baadaye kidogo namba zimebadilika. Akaacha betri akatumia vipande vya chuma viwili tofauti viloungwa, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na upande mwengine kwenye barafu, ule mkondo mdogo unaotoka hapo ukawa umetulia, akaweza kulinganisha waya wa urefu huu na urefu ule. Kitabu chake kilitoka 1827. Kwa hivyo wewe na yeye mmekutana kwenye tatizo moja, kwamba kitu chenyewe chabadilika wakati unapokipima, na dawa yake ni kushikilia hali moja, sawa?

Ukitaka ladha yake zaidi chukua pasi ya nguo ya babako ikiwa haijachomekwa, iwe baridi, na kidhibiti chake cha joto umekizungusha kisiwe kwenye kuzima. Ikiwa imeandikwa 240V 1000W hesabu yataka omu 57.6, na ukipima kwenye miguu miwili ya plagi utapata karibu hapo hapo. Waya wa pasi ni wa nikromu na ukinzani wake haubadiliki sana kati ya baridi na moto, kwa hivyo hapo multimita na kalamu zakubaliana.

Na nakuomba mambo mawili kama mwanangu. Multimita ikiwa kwenye omu usiiguze kitu chenye stima. Na ikiwa kwenye ampea usiitie kamwe kwenye matundu mawili ya soketi, hapo ndani karibu hakuna ukinzani kabisa, ni sawa na kutia msumari, italipuka mkononi. Ampea hupimwa kwa kukata njia na kuiweka mita katikati. Mazoezi ya ampea fanya na betri na globu ya tochi, jiwe moja, mawili, matatu, andika volti za kwenye globu yenyewe na ampea kila mara halafu ugawe, utaona omu zapanda kila globu ikizidi mwanga. Chora grafu upeleke shule.

SWALI: Fundi salama? Huku Bamburi jioni stima yawa ndogo mno, nimepima kwenye soketi nikapata volti 190. Birika langu la umeme ni la wati 2000. Nimefanya 2000 gawanya kwa 190 nikapata ampea 10.5 badala ya 8.3, sasa naogopa volti zikishuka ampea zapanda zitachoma nyaya. Na tokeni je zaisha haraka zaidi? Birika lenyewe lachelewa mpaka nachoka kungoja chai.

JIBU: Salama kaka. Kwa birika usiogope, yaenda kinyume na ulivyohesabu. Hizo wati 2000 ni za volti 240 tu, zimeandikwa hivyo nyuma ya birika, wewe umezichukua ukazigawa kwa volti 190 na hazikai pamoja. Kitu kisichobadilika kwenye birika ni ukinzani wake. 240 mara 240 gawanya kwa 2000 ni omu 28.8. Sasa 190 gawanya kwa 28.8 ni ampea 6.6, zimeshuka, na 190 mara 6.6 ni kama wati 1250. Waona volti zimepungua kama moja ya tano lakini nguvu imepungua zaidi ya theluthi moja, kwa sababu volti zikishuka na ampea nazo zashuka, zote mbili pamoja.

Chai yako: lita moja na nusu ya maji ya bomba ya huku kwetu, tuseme nyuzi 28, mpaka yachemke yataka kama jouli 452,000, na wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde. Kwa wati 2000 ni dakika 3 na sekunde 46. Kwa wati 1250 ni dakika 6. Tokeni ni karibu zile zile, kama uniti 0.13 kwa birika zote mbili, kwa sababu wati zimepungua na muda umeongezeka, labda kidogo zaidi jioni kwa lile joto linalopotea pembeni ukingoja.

Sasa hesabu yako ya 10.5 yafaa wapi? Yafaa kwa vitu kama tivi, kompyuta, chaja, na zile AC za inveta, hivi ndani vina saketi inayotafuta wati zake zile zile volti ziwe ngapi, volti zikishuka vyavuta ampea zaidi. Na friji ndio ya kuogopa hasa. Mota ya friji volti zikiwa ndogo yashindwa kuanza kuzunguka, yakaa inanguruma pale pale ikivuta ampea nyingi kupita kawaida yake mpaka waya wa ndani waungua. Usijaribu kuijua kwa kupima omu za mota na kugawa volti kwa omu, namba hio ni ya waya umelala, mota ikizunguka yazalisha volti zake za kupingana na za stima na hesabu yawa nyengine kabisa. Kwa mota amini maandishi ya kibandiko chake, ama fundi mwenye mita ya kubana waya. Weka friji gadi inayokata volti zikishuka, na jioni za 190 acha friji imekatwa, usifungue mlango, baridi itakaa. Pangaboi lenyewe litazunguka polepole tu. Halafu pelekeni malalamiko mkiwa majirani pamoja na muandike volti na saa mlizopima, hivyo ni vigumu kuwapuuza.

SWALI: Chaja yangu imeandikwa INPUT 100-240V 0.5A, OUTPUT 5V 2A. 240 mara 0.5 ni wati 120. Kweli chaja ya simu yala wati 120? Tudor.

JIBU: La. 5 mara 2 ni wati 10, hizo ndizo inazotoa mwisho wake, na ukutani yavuta zaidi ya hapo kidogo kwa kile kinachopotea kama joto. Ile 0.5A ni kikomo walichoandika kwa hali mbaya kabisa, volti ziko chini kule 100 na mshtuko wa mwanzo, huwezi kuichukua ukaipiga na 240. Tena chaja huvuta mkondo kwa vishindo, kwa hivyo hata ukipima volti na ampea zake za kweli ukazipiga namba yatoka kubwa kuliko wati zenyewe. Wataka wati za kweli za chaja, nunua kile kimita kidogo cha kuchomeka ukutani kinachosoma wati.

SWALI: Niaje fundi, mimi naendesha tuktuk, laini ya Mikindani. Nilitaka kupamba na taa ndogo za LED nyeupe, fundi akanipa rezista, vile vipande vidogo vya kubana mkondo, za omu 470 kila LED moja. Mwezi haujaisha nyingine zishakufa na rezista zenyewe zimekuwa nyeusi. Mimi nimepiga volti 12 gawanya kwa ampea 0.02 za LED nikapata 600, sasa nani yuko sawa?

JIBU: Ndugu yangu, nyote wawili mko karibu na nyote mmekosa kitu. Wewe umezipa rezista volti zote 12, na LED nyeupe yajichukulia kama volti 3 zake, kwa hivyo rezista yabaki na 9. 9 gawanya kwa 0.02 ni omu 450, na rezista ya dukani ilo karibu ni 470. Fundi wako alifikiria hivyo, na kwa betri ilolala hesabu yake ni sawa. Ila tuktuk ikiwa inatembea chaji yaipandisha betri, tuseme 14.4. Toa 3, rezista ina volti 11.4. Gawanya kwa 470, ampea 0.024, LED ya 0.02 imezidiwa kila siku kutwa nzima. Halafu wati: 11.4 mara 0.024 ni 0.28, na zile rezista ndogo nyembamba ni za robo wati, 0.25. Ndio zikawa nyeusi. Tena hizo robo wati ni za mezani penye hewa, wewe umezifungia kwenye plastiki kwenye jua la Mombasa.

Ukitaka LED moja moja tia 680, rangi za mistari yake buluu, kijivu, kahawia, ampea zawa 0.017 na wati 0.19, na ununue za nusu wati zisipate tabu. Lakini mimi ningefanya hivi: funga LED tatu kwa mfuatano, mguu mrefu wa moja kwenye mguu mfupi wa mwenzake. Tatu zachukua volti 9, rezista yabaki na 5.4 tuktuk ikitembea, 5.4 gawanya kwa 0.02 ni omu 270, nyekundu, zambarau, kahawia. Wati za rezista ni 0.11 tu, robo wati yatosha kabisa, na ampea zile zile zilizokuwa zawasha moja sasa zawasha tatu. Injini ikizimwa betri ikarudi 12 zitabaki na ampea 0.011, mwanga utapungua kidogo lakini hazizimi. Kwenye waya mkuu unaotoka kwa betri tia fyuzi ndogo ya ampea 1, kwa sababu betri ya tuktuk ikipata shoti hutoa ampea za kuwasha waya mzima.

Ukimaliza usikate waya kupima ampea. Washa injini, weka multimita kwenye volti, gusa pande mbili za rezista yenyewe, sio za betri. Ukisoma 5.4 gawanya kwa 270 ni 0.02, uko sawa. Ukisoma 7 ama zaidi LED zako zachukua volti chache kuliko 3, panda mpaka rezista ya 390 upime tena.